Jogoo, Nyani na Dawa ya Mishipa

Mwenye daftari na alitoe. Asiye nalo asihuzunike, maana somo la leo lataka masikio na fikira kuliko kalamu.

Katika masomo ya historia tumezoea kuzungumza habari za wafalme na vita. Watu wa Usambara wajua habari za Kimweri na mji wake wa Vuga. Leo nitawasimulia historia ya namna nyingine, isiyo na mfalme wala bunduki. Ni historia ya watu waliotafuta dawa ya kuzuia ugonjwa wa mishipa ya damu. Walianza kwa sungura na jogoo, wakafika kwa nyani wa Kenya, na mwisho wakafika kwa binadamu wenyewe. Walipata mambo makubwa, na walikosea mambo makubwa pia. Makosa yao yana faida kwetu, kwani hata leo mtu aweza kuja gulioni na chupa mkononi akasema, "Dawa hii yasafisha mishipa." Tutamjibuje mtu huyo? Jibu limo katika historia hii.

Dawa ionekanayo na dawa isiyoonekana

Tuanze karibu na nyumbani. Upande wa mashariki wa milima yetu, kule Amani, Wadachi walianzisha chuo cha utafiti mwaka 1902. Miongoni mwa miti waliyoipanda ilikuwamo miti ya kwinini, ambayo magome yake hutoa dawa ya malaria. Sasa, mtu mwenye malaria akipewa kwinini, kazi ya dawa huonekana upesi. Juzi alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi matatu. Leo ameketi anaomba uji. Mke wake ameona, jirani ameona, na mganga ameona.

Lakini yako magonjwa yasiyokuwa na homa wala maumivu kwa miaka mingi. Ugonjwa wa mishipa ya damu ni mmoja wao. Mtu hulima, hucheka, huenda msikitini au kanisani, na huku mishipa yake inaharibika kidogo kidogo. Siku moja moyo hukosa damu, au ubongo hukosa damu, na watu husema amepatwa ghafula. Kumbe si ghafula. Jambo lilianza miaka ishirini au thelathini iliyopita. Basi ukimpa mtu wa namna hii dawa leo, utajuaje kama imefanya kazi? Hakuna homa ya kushuka. Hapo ndipo shida yote ya somo letu inapoanzia.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Mkulima wa Usambara aujua mfereji wa maji. Ukiachwa bila kusafishwa hujaa tope, na shamba la chini hukauka. Watu wengi hudhani mishipa huziba vivyo hivyo. Mfano huu ni mzuri, lakini haukukamilika. Tope la mfereji hukaa juu ya udongo, na jembe laweza kulikwangua. Mafuta ya mishipa hukaa ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe. Ukuta huvimba, huwa mgumu, na njia ya damu huwa nyembamba. Tena uvimbe ule waweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na njia ikafungwa kabisa kwa dakika chache. Ndiyo maana hakuna mtu awezaye kusugua mshipa kama anavyosugua sufuria.

Katika uvimbe ule mna kitu kiitwacho kolesteroli. Ni mafuta magumu kama nta. Msidhani ni sumu. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa katika ini, na huitumia kujenga kuta za chembe zake. Hata homoni za kike na za kiume hutengenezwa kutokana nayo. Imo katika nyama, katika maziwa, na zaidi katika kiini cha yai. Katika kabichi, karoti, viazi na maharage, twaweza kusema haimo.

Mwaka 1913 huko St. Petersburg, katika nchi ya Urusi, daktari kijana aitwaye Nikolai Anitschkow na mwenzake Chalatow walichukua kolesteroli safi, wakaiyeyusha katika mafuta ya alizeti, wakawalisha sungura. Baada ya wiki kadhaa wakafungua mishipa ya sungura wale, wakakuta ukuta umejaa mafuta, kwa namna iliyofanana na mishipa ya watu wenye ugonjwa.

Wengine walishangilia, na wengine walikataa. Walisema, sungura ni mla majani. Ukimlisha mafuta ya mnyama, wamlazimisha jambo lisilo la asili yake. Tena panya na mbwa walipolishwa kolesteroli hawakupata ugonjwa ule kwa urahisi. Basi nani ashuhudie habari za binadamu: sungura, au panya na mbwa? Shikeni swali hili, maana litaturudia mara kwa mara.

Kwa nini homoni ya kike?

Madaktari walikuwa wamegundua jambo moja hospitalini. Wanaume wa miaka arobaini na hamsini walipatwa na shambulio la moyo mara nyingi zaidi kuliko wanawake wa umri huo huo. Wanawake walipokwisha kukoma hedhi, tofauti hiyo ilianza kupungua. Wakajiuliza: je, yawezekana homoni ya kike, yaani estrojeni, ndiyo inayomlinda mwanamke?

Swali hili lingebaki maneno matupu kama estrojeni isingepatikana kwa wingi. Lakini mwaka 1938 mambo mawili yalitokea. Huko Uingereza, Charles Dodds na wenzake walitangaza kwamba wametengeneza kitu kiitwacho stilbestroli, ambacho si homoni ya mwili lakini chafanya kazi kama estrojeni, tena kwa gharama ndogo. Na huko Berlin mabingwa wa kampuni ya Schering waliibadili estrojeni ya asili kidogo, wakapata etinili-estradioli, ambayo yaweza kumezwa kama kidonge bila kuharibiwa upesi na mwili. Hata leo imo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango.

Tangu hapo mtafiti aliyetaka kujaribu estrojeni hakuwa na haja ya kungoja. Alihitaji mnyama tu.

Jogoo wa Chicago

Mnyama aliyechaguliwa alikuwa jogoo. Katika hospitali ya Michael Reese, mjini Chicago, Louis Katz, Jeremiah Stamler, Ruth Pick na wenzao walikuwa wakifuga kuku kwa ajili ya utafiti wa mishipa. Kuku hula nafaka, wadudu na mabaki ya nyama. Kwa hiyo hakulazimishwa kama sungura. Tena mishipa ya kuku huweza kupata ugonjwa hata bila kulishwa chochote cha ajabu.

Mpango wao ni rahisi kuueleza. Jogoo wachanga waligawanywa makundi. Kundi moja lilipewa chakula chenye kolesteroli. Kundi la pili lilipewa chakula kile kile, pamoja na estrojeni. Baada ya muda, mishipa ya makundi yote mawili ilifunguliwa ikalinganishwa. Kundi lile lisilopewa dawa laitwa kundi la kulinganisha. Bila kundi hilo hakuna elimu yoyote. Mkulima atiaye mbolea shamba zima hawezi kujua kama mavuno yametokana na mbolea au na mvua. Sharti aache matuta kadhaa bila mbolea.

Mwaka 1952 waliandika matokeo yao. Jogoo waliopewa kolesteroli peke yake walipata ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo. Wale waliopewa pia estrojeni walikingwa katika mishipa hiyo. Tena katika majaribio mengine, ugonjwa uliokwisha kuanza ulipungua. Habari hii ilikuwa kubwa, na magazeti ya madaktari yaliipokea kwa furaha.

Lakini tazameni mambo mawili yaliyofichika ndani yake. La kwanza, mshipa mkuu utokao moyoni haukukingwa. Ni mishipa ya moyo tu. La pili, kolesteroli katika damu ya jogoo wale ilibaki juu! Kwa nini? Mfugaji aweza kukisia. Estrojeni ndiyo imwambiayo mtetea kwamba wakati wa kutaga umefika, na ini lake hupakia mafuta katika damu yapelekwe kwenye kiini cha yai. Jogoo akipewa homoni hiyo, ini lake hutii amri ile ile ingawa hana yai la kutaga. Basi kwa kuku, estrojeni yaweza kuongeza mafuta katika damu na huku yakinga mishipa ya moyo. Hesabu ya damu ilikwenda njia yake, na mishipa ikaenda njia yake. Hii ilikuwa dalili ya mapema kwamba mambo haya mawili si kitu kimoja.

Nyani wa Kenya

Kuku ana mabawa na hutaga mayai. Si ndugu yetu wa karibu. Mabingwa walitamani mnyama aliye karibu zaidi na binadamu, na hapo macho yao yalielekea Afrika ya Mashariki.

Ninyi mlio karibu na msitu mnamjua nyani kama mwizi wa mahindi. Mtoto hukosa shule akilinda shamba. Lakini bingwa wa mishipa humtazama nyani kwa macho mengine. Ni mkubwa, damu yake yaweza kupimwa mara nyingi bila kumdhuru, hula kila kitu kama sisi, na nyani jike huingia hedhi kama mwanamke. Kwa mtu anayechunguza homoni ya kike, jambo hilo la mwisho ni kubwa sana.

Katika miaka ya 1950 watafiti kutoka Marekani walifika Kenya kuchunguza mishipa ya nyani wa porini. Mwaka 1960 Henry McGill, Jack Strong, Russell Holman na Nicholas Werthessen walichapa makala yao juu ya mishipa ya nyani wa Kenya. Hawa hawakuwa wanyama waliofungiwa na kulishwa mayai. Walikuwa nyani wa porini, wala matunda, mizizi, majani na wadudu. Hata hivyo katika mshipa wao mkuu ilionekana michirizi ya mafuta, kama ile ionekanayo kwa vijana wa kibinadamu. Lakini vile vivimbe vikubwa na vigumu, viletavyo shambulio la moyo, vilikuwa adimu.

Maana yake nini? Kwanza, mwanzo wa ugonjwa waweza kuonekana hata pasipo karamu za nyama. Pili, kuanza si kumaliza. Kati ya mchirizi na uvimbe pana safari, na yafaa kujua ni nini kinachomsukuma binadamu kuimaliza safari hiyo wakati nyani wa porini huishia njiani.

Katika miaka ya 1960 palikuwa na kituo cha kukamata nyani huko Darajani, kando ya reli iendayo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Nyani walipelekwa San Antonio, katika jimbo la Texas, wakawa wazazi wa kundi kubwa la nyani wa utafiti. Huko walilishwa mafuta ya namna mbalimbali, na baadaye wengine walipewa homoni. Ndiyo kusema wanyama wa nyika ya Ukambani waliingia katika vitabu vya moyo vya dunia nzima.

Na binadamu wa Afrika ya Mashariki?

Wakati huo huo wengine waliwatazama watu wetu. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones walichapa utafiti wao wa Uganda. Waafrika waliopimwa huko walikuwa na kolesteroli ndogo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kwao. Wahindi waliokaa nchi hiyo hiyo walikuwa na kolesteroli kubwa, na ugonjwa huo waliujua sana. Nchi ilikuwa moja, lakini maisha yalikuwa mbalimbali.

Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapa habari za Wamasai wa Tanganyika. Hawa waliishi kwa maziwa na nyama, yaani chakula ambacho kingetosha kumwangamiza sungura wa Anitschkow. Walakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Mwaka 1972 Mann na wenzake waliandika habari za mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufa. Kuta za mishipa hiyo zilikuwa na ugonjwa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, hata damu ikapata njia. Mann alidhani sababu yake ni kutembea kwao kwingi.

Sikilizeni vizuri: sisemi kwamba nyama na mafuta mengi havidhuru. Twajua leo kwamba kolesteroli nyingi katika damu hudhuru mishipa, kwa Mwafrika kama kwa Mzungu. Nasema tu kwamba kutoka kwenye sahani mpaka kwenye damu, na kutoka kwenye damu mpaka kwenye mshipa, ziko njia panda nyingi.

Dawa yafika kwa wanaume

Sasa tuifuate estrojeni ilipotoka kwa wanyama ikaingia kwa watu. Huko Edinburgh, Michael Oliver na George Boyd waliwapa etinili-estradioli wanaume waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo, wakawalinganisha na wengine wasiopewa. Walifanya hivyo kwa miaka 5, wakachapa matokeo mwaka 1961. Kolesteroli ilishuka, kama walivyotumaini. Lakini vifo havikupungua. Tena wanaume wale waliota matiti na kupungukiwa nguvu za kiume.

Wamarekani walitaka jibu kubwa zaidi. Tangu mwaka 1966 waliandikisha wanaume 8,341 waliokwisha kuugua moyo, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi, kila kundi na kidonge chake, na kundi moja na kidonge kisicho na dawa. Stamler, yule wa jogoo wa Chicago, alikuwa miongoni mwa viongozi wa jaribio hilo. Makundi mawili yalipewa estrojeni, moja miligramu 5 kwa siku na jingine miligramu 2.5. Mwaka 1970 kundi la miligramu 5 lilisimamishwa, kwa sababu mashambulio ya moyo na kuganda kwa damu vilizidi. Mwaka 1973 kundi la pili likasimamishwa pia. Halikuonyesha faida, na dalili za madhara zilikuwa zinajikusanya.

Dawa iliyowakinga jogoo haikuwakinga wanaume. Kwa nini? Kwa sababu estrojeni haigusi mafuta peke yake. Humfanya mtu damu yake igande kwa urahisi zaidi. Mwenye mshipa uliokwisha kuharibika hufa kwa lile donge la damu, si kwa hesabu ya kolesteroli iliyoandikwa kwenye karatasi.

Tumbili aliyefichwa

Hayo yalikuwa makosa ya watu waaminifu, nao walipoyaona waliyasema. Sasa sikilizeni habari ya pili, ambayo si ya namna hiyo.

Katika mji wa Cincinnati, kampuni ya William S. Merrell ilikuwa ikitengeneza estrojeni za kikemia. Kutokana na umbo la dawa za jamii hiyo, mabingwa wake walipata kitu kipya, triparanoli, kilichoitwa MER/29. Hiki hakikukusudiwa kufanya kazi ya homoni. Kilikusudiwa kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli. Mwaka 1960 serikali ya Marekani iliruhusu kiuzwe, na watu laki kadhaa wakakitumia.

Kolesteroli ilishuka kweli. Lakini ilishuka kwa njia ya hatari. Mwili hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi, kama kinu cha kusaga chenye mashine nyingi mfululizo. Dawa hii ilifunga mlango wa mwisho. Kitu kilichokuwa karibu kuwa kolesteroli, kiitwacho desmosteroli, hakikuweza kupita, kikajikusanya katika damu na mwilini. Watu wakaanza kupoteza nywele, ngozi ikaharibika, na wengine wakapata mtoto wa jicho, wakawa hawaoni vizuri.

Je, wanyama hawakuonyesha dalili? Walionyesha. Katika maabara ya kampuni, tumbili mmoja aliyepewa dawa alidhoofika. Mtumishi wa maabara, mwanamke aliyekuwa akiandika uzito wa wanyama, aliamriwa abadilishe hesabu ili ugonjwa ule usionekane. Jambo hilo lilimchukiza, akaacha kazi. Baadaye mume wake alilisimulia katika gari ambalo yeye na wenzake walishirikiana kwenda nalo kazini. Mmoja wa wenzake hao alikuwa mkaguzi wa idara ya serikali inayosimamia dawa. Wakaguzi wakaenda Cincinnati, wakafungua madaftari, na mwezi Aprili 1962 dawa ikaondolewa madukani. Mwaka 1964 kampuni haikubishania mashtaka mahakamani, ikatozwa faini ya dola 80,000.

Fikirini, ndugu zangu. Daftari lile moja lilisimama kati ya watu na upofu. Mnyama hawezi kusema uongo. Tumbili alidhoofika, akasema kweli yake yote kwa mwili wake. Aliyesema uongo ni mtu mwenye kalamu. Na aliyeokoa macho ya watu hakuwa profesa. Alikuwa mtumishi aliyekataa kunyamaza.

Mwaka huo huo wa 1962, baada ya msiba wa dawa ya thalidomaidi huko Ulaya, Marekani ilipitisha sheria ya kumlazimisha mwenye dawa athibitishe kwamba dawa yake yatibu kweli, si kwamba haiui tu.

Mambo yaliyofuata

Habari za estrojeni hazikwisha hapo. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walionyesha kwamba baadhi ya wasichana ambao mama zao walipewa stilbestroli wakati wa mimba walipata saratani ya uke, ambayo ni adimu sana kwa wasichana. Madhara yalikuwa yamengoja mpaka kizazi cha pili.

Kisha wataalamu wakasema, labda kosa ni kuwapa wanaume. Tuwape wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 1990 watafiti wa Winston-Salem walionyesha kwamba tumbili majike walioondolewa ovari, wakipewa estrojeni, mishipa ya moyo yao ilikingwa. Lakini mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani, lenye wanawake 16,608 waliogawanywa kwa bahati nasibu, lilisimamishwa. Waliopewa estrojeni pamoja na homoni ya pili walipata kiharusi, damu kuganda, shambulio la moyo na saratani ya matiti zaidi kidogo kuliko wenzao. Wachunguzi wa tumbili wakaeleza: tumbili wao walianza dawa mara baada ya ovari kuondolewa, na walipocheleweshwa miaka 2, ile kinga haikuonekana. Wanawake wengi wa jaribio walianza miaka mingi baada ya hedhi kukoma.

Msielewe vibaya. Estrojeni bado ina kazi zake hospitalini, na mwanamke anayetumia vidonge kwa maagizo ya mganga asivitupe kwa sababu ya somo hili. Akiwa na shaka, aulize zahanati. Nasema tu kwamba haikuthibitika kuwa dawa ya kukinga moyo.

Na je, dawa ya kolesteroli ilipatikana? Ilipatikana, na kuku alirudi tena uwanjani. Katika miaka ya 1970 huko Tokyo, Akira Endo wa kampuni ya Sankyo alipata kitu katika kuvu, kilichoizuia kolesteroli mwanzoni mwa njia yake na si mwishoni. Alikijaribu kwa panya, kikashindwa. Wengine wangekitupa. Lakini mwaka 1976 kilijaribiwa kwa kuku watagao, kwa hoja kwamba anayetia kolesteroli nyingi katika mayai yake lazima anaitengeneza kwa wingi. Kolesteroli katika damu ya kuku wale ikashuka karibu nusu. Huo ndio mwanzo wa dawa ziitwazo statini. Hata hivyo watu hawakutosheka na kuku. Mwaka 1994 jaribio la nchi za Skandinavia, lenye wagonjwa 4,444, lilionyesha kwamba waliopewa statini walikufa wachache kuliko wenzao kwa kiasi cha asilimia 30. Hapo sasa hesabu ya damu na hesabu ya makaburi zilikubaliana.

Funzo letu

Basi historia hii yatufundisha nini? Mnyama hufungua swali, hafungi jawabu. Jogoo alisema kweli kuhusu jogoo, na nyani kuhusu nyani. Panya alikataa dawa iliyo nzuri, na tumbili aliyesema kweli alifichwa. Kushusha hesabu ya kolesteroli ni jambo moja, kuongeza siku za mtu ni jambo lingine, na anayetuonyesha la kwanza bado anatudai la pili.

Katika Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na utafiti juu ya watu hupitiwa kwanza na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Msione taratibu hizi kuwa ucheleweshaji wa bure. Kila karatasi inayodaiwa hapo ina mtu nyuma yake aliyepoteza macho, au binti aliyeugua kwa kidonge alichomeza mama yake.

Kwa hiyo mwenye chupa akija gulioni, msimtukane. Mwulizeni kwa adabu maswali manne. Imejaribiwa kwa nani, wanyama au watu? Walikuwapo wasiopewa wa kulinganisha nao? Kilichopungua ni hesabu ya damu tu, au ugonjwa na vifo? Na nani aliyeliangalia daftari, mbali na muuzaji mwenyewe? Akijibu yote manne, msikilizeni. Asipojibu, mwacheni aende zake, nanyi mkapimwe shinikizo la damu katika zahanati, mle kabichi na maharage yenu, mpunguze chumvi na sigara, na mwendelee kupanda na kushuka milima kama wazee wenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kazi ya kwinini ilionekana upesi, na ya dawa ya mishipa haionekani?
2. Elezeni kwa mfano wa shamba maana ya kundi la kulinganisha.
3. Nyani wa porini wa Kenya walikuwa na michirizi ya mafuta, lakini vivimbe vikubwa vilikuwa adimu. Jambo hili latufundisha nini?
4. Linganisheni kosa la wachunguzi wa estrojeni na kosa la kampuni ya MER/29. Tofauti yake ni nini?
5. Mtumishi wa maabara angefanya nini zaidi? Nanyi mngefanya nini?

Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Zungumzeni vizuri, na mwenye kupinga apewe nafasi ya kusema. Kwaherini.